Mashine Haina Ukoo

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia steshenari, Ndalahwa alisalimiwa na mke wake, na mke wake alikuwa kaburini tangu masika.

Tusitishane bure, hapana mzimu katika habari hii. Milembe, enzi za uhai wake, ndiye aliyekuwa mwenye kuijua ile kompyuta. Siku moja alichukua kipaza sauti kilichokuja nayo ndani ya boksi, akarekodi sauti yake, kisha akaipanga mashine iitoe sauti hiyo kila inapowashwa, badala ya ule mlio wa kengele iliotoka nao kiwandani. Basi ukibonyeza kitufe, ukasubiri mashine ikohoe na kunguruma weee, kioo kikapata rangi, spika zilisema: "Mwangaluka, baba Salu." Hayo tu. Salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa sauti ya mwanamke anayekaribia kucheka lakini hajacheka.

Ndalahwa hakuwa akiiitikia. Alisimama mbele ya meza, mkono mmoja mfukoni, akaisikiliza mpaka iishe, halafu akavuta kiti na kuanza kazi. Hakulia hapo, kama ambavyo hakulia msibani, wala kaburini, wala siku ya kunyolewa nywele, na ndugu walishaanza kumtia maneno. Wengine walisema ana roho ngumu. Wengine walisema mengine, ambayo sitayarudia kwa kuwa waliosema bado tunakutana nao sokoni. Ukweli ni kwamba mtu huyu alikuwa amekufa ganzi. Mguu ukiukalia muda mrefu unajua ni wako, unauona pale ulipo, lakini ukiufinya hausikii kitu. Ndivyo alivyokuwa, mwili mzima na moyo wake. Alikula kwa sababu chakula kilikuwa kimewekwa mezani. Akiamkiwa barabarani alijibu "mhola" moja kavu, yaani salama, na kupita, na huku kwetu salamu haipitwi hivyo. Mtu huulizwa nyumba, huulizwa ng'ombe, hutajwa ukoo wake, naye husimama akaitikia vyote.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomtoa kitandani na kumvisha viatu, nacho ni zile sekunde chache za asubuhi. Hakumwambia mtu. Kaka yake Masele aliwahi kuisikia ile salamu siku za matanga, akaweka kikombe cha chai chini, akasema mtu aliyezikwa hasalimii, na kitu hicho kifungiwe kabla hakijaleta mambo. Tangu hapo Ndalahwa akawa anateremsha sauti ya spika na kufungua duka kabla ya wenzake wote wa mtaa ule.

Wanaomkumbuka Ndalahwa wa zamani wanapata tabu kumwamini huyu wa sasa. Alikuwa karani wa ghala la pamba la ushirika, mtu wa kelele, mwenye kicheko ambacho wapakiaji walikisikia wakiwa bado barabarani wakajua bosi yupo. Halafu soko likafunguliwa. Wakaingia wanunuzi binafsi na pick-up zao na mizani zao, kila mmoja akiahidi zaidi ya mwenzake, ushirika ukaishiwa pumzi, na makarani wakapunguzwa kazini. Wengi walikimbilia kununua ng'ombe. Milembe akasema hapana, akaenda Mwanza kusoma kompyuta, akarudi na cheti, na baadaye akarudi na mashine yenyewe, iliyouzwa na kampuni moja ya pamba iliyofunga ofisi baada ya msimu mbaya. Watu wakasema kwa Ndalahwa mke anaendesha mashine na mume anafungua mlango. Ndalahwa aliyachekea maneno hayo kuliko hata walioyasema. Akajifunza kuchapa kwa vidole viwili, akatosheka, na mengine yote akamwachia mkewe.

Sasa mke hayupo, na ofisi za wilaya zikaanza kuleta flopi, zile diski ndogo za plastiki, zenye kazi zilizoandikwa kwa programu mpya. Mashine ya Ndalahwa ikizipokea flopi hizo ilitoa alama za ajabu zisizosomeka, na wateja wakavuka barabara kwenda kwa mwingine. Ikabidi aitwe Januarius.

Januarius alikuwa kijana wa Kiloleli aliyejifunzia ufundi Mwanza, anazunguka na begi lake kutengeneza mashine za maofisini. Alimjua Ndalahwa kwa sura tu; habari za msiba hakuwa nazo. Alifika na basi la asubuhi, akaifungua kompyuta, akapuliza vumbi, akaguna kama daktari.

"Mzee, nitakuwekea mfumo mpya juu ya huu wa zamani. Vitu vyako vyote vitabaki."

"Vyote?"

"Vyote."

"Hata sauti?"

"Sauti, barua, picha, havitaguswa. Kwani una muziki humu?"

Ndalahwa alisema hapana, hana muziki, akageuka kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Kazi ilikwenda vizuri. Jenereta lilinguruma nyuma ya duka, lile walilochangia na Nyanjige mwenye saluni ya jirani, na sidii ikazunguka ndani ya mashine mpaka karibu na mchana. Mashine ilipojiwasha upya, Ndalahwa akaangusha kalamu makusudi, akainama kuitafuta, sikio likawa karibu na spika. "Mwangaluka, baba Salu," ikasema, chini kwa chini. Akaokota kalamu yake. Kama furaha ingekuwa bado inamfikia, hapo ndipo angefurahi.

"Imebaki kazi moja," Januarius alisema akijinyoosha. "Diski yako imepangwa kwa mtindo wa kizamani, inapoteza nafasi bure. Naigeuza iwe ya mtindo mpya. Hiyo mashine inafanya yenyewe, taratibu. Mimi nakwenda kula. Usiguse kitu, mzee, na umeme usikatike kabisa. Ukikatika katikati, tumeumia."

"Usikatike," Ndalahwa aliitikia, kama alivyokuwa akiitikia kila kitu siku hizo, na akaenda kuketi nje kwenye benchi.

Sasa, kuna jambo ambalo watu wa mtaa ule hawahitaji kuambiwa. Msiba ukipita, kelele inazimwa. Redio inazimwa, mashine ya kusaga inazimwa, majenereta yanazimwa, mwenye kofia anavua, mwenye kuketi anasimama. Hakuna aliyeandika sheria hiyo wala hakuna anayekumbuka ilianza lini, lakini mtu akiacha injini yake ingurume wakati jeneza linapita, atakumbushwa hata baada ya miaka. Siku ya Milembe mtaa mzima ulinyamaza. Nyanjige alitoka nje akiwa na kitana mkononi na mteja wake mwenye kichwa nusu kimesukwa wakasimama pamoja. Katika siku zile zote, kimya kile ndicho pekee Ndalahwa alichokumbuka vizuri.

Ndipo likaja gari lenye matawi mabichi mbele, likienda mwendo wa mguu, kinamama wakiimba nyuma yake. Ndalahwa hakujua ni msiba wa nani. Alisimama. Akavua kofia. Halafu akazunguka nyuma ya duka, akanyoosha mkono, akalizima jenereta, akarudi kusimama mahali pake na kofia kifuani. Mkono ndio uliofanya, kichwa hakikuhusishwa. Nyanjige naye alikuwa ameshatoka mlangoni mwake, naye angelizima yeye mwenyewe kama Ndalahwa asingemtangulia. Gari likapita, vumbi likatua, nyimbo zikaishia upande wa makaburini. Ndalahwa akarudi nyuma, akavuta kamba ya jenereta, likawaka.

Ni pale alipoingia ndani ndipo alipoona kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe.

Alikaa mbele ya kile kioo. Alijua alichofanya. Alisubiri uchungu uje, kwa kuwa mtu akijikata kwa shoka lazima kuna muda mdogo kabla maumivu hayajafika, lakini muda ukapita na hakuna kilichofika. Akawaza tu, kwa utulivu ambao ulimtisha kidogo, kwamba kesho asubuhi hatakuwa na sababu ya kuvaa viatu.

Januarius alirudi na kijiti cha meno mdomoni. Aliangalia kioo, akakitoa kijiti.

"Nani amezima?"

"Mimi."

"Mzee, si nilikuambia? Kwa nini?"

"Msiba ulipita."

Januarius alikuwa mtu wa Kiloleli, na kwao pia injini zinazimwa. Angekuwapo yeye huenda angelizima vilevile, halafu ndipo akumbuke. Akavuta kiti, akatoa kwenye begi flopi yake ya kuwashia mashine zilizogoma, akaitumbukiza.

Mashine iliwaka kwa kutumia ile flopi, lakini diski yenyewe ilipoulizwa ina nini, ilijibu ovyo. Majina ya mafaili yalikuwa yamekatika na kuchanganyika na alama zisizotamkika. Januarius akajaribu hiki, akajaribu kile, akarudisha ile sehemu ya mwanzo wa diski ambayo mashine huitazama kwanza inapoamka. Ikapiga hatua moja, ikakwama tena.

"Ulisema ulikuwa karani wa ghala, mzee," alisema, macho kwenye kioo. "Chukulia hii diski ni ghala. Marobota ya pamba yote bado yamo ndani. Lakini mtu alikuwa anafuta namba za zamani kwenye marobota ili aandike mpya, na katikati ya kazi akaondolewa. Sasa mengine yana namba za zamani, mengine za mpya, mengi hayana kitu. Yapo, lakini hayajulikani ni ya nani wala lipi linafuata lipi."

"Naelewa," Ndalahwa alisema. Na kweli alielewa. Ghala la namna hiyo alishaliona, mwaka ule mvua ilipoingia.

"Kwa hiyo njia rahisi ni kufuta ghala lote. Nafomati, naweka mfumo mpya kwenye diski safi, jioni hii hii unachapa. Kazi za wateja si ziko kwenye flopi zao?"

"Ziko."

"Basi hakuna hasara." Vidole vya Januarius vilikuwa vimeshaanza kuandika amri.

"Usifute."

Alisema polepole, lakini Januarius akaacha.

"Kuna nini humo, mzee?"

Ndalahwa alikuwa na majibu, ila kila moja lilipofika kooni liligeuka kuwa kitu cha aibu. Mwanaume mzima, amebaki na kompyuta ya kumwamsha. Masele angesema nini? Akajikuta anatazama mikono yake juu ya magoti kama mikono ya mtu mwingine aliyeisahau pale.

"Mimi nina basi la kuwahi," Januarius alisema, si kwa ukali. "Ukinieleza nitajua natafuta nini. Usiponieleza nafuta."

Ukuta kati ya steshenari na saluni ulikuwa wa mbao, na mbao zenyewe za haraka haraka. Kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika wa pili. Nyanjige alitokea mlangoni, mikono imejaa mafuta ya nywele, ameiweka mbali na gauni lake.

"Mwadila," alisalimia kwanza, kwa sababu hapaingiwi mahali bila salamu hata kama nyumba inaungua. Januarius akaitikia. Ndalahwa akasema mhola. Nyanjige akamtazama yeye.

"Baba Salu, unamwambia au nimwambie mimi?"

Akangoja. Kisha akamgeukia fundi.

"Mke wake amefariki masika haya. Alikuwa anaitwa Milembe. Ile mashine ikiwashwa asubuhi inamsalimia huyu baba, kwa sauti ya marehemu. Anadhani sisikii. Mimi naisikia kila siku, nikiwa nafagia. Nikishaisikia ndipo najua kumekucha na baba Salu ameamka mzima." Akaelekeza kidevu kwenye mashine. "Sasa we mtafutie."

Akarudi kwa mteja wake.

Januarius akafuta ile amri aliyoanza kuiandika, herufi moja moja, kwa uangalifu uliozidi mahitaji.

"Pole sana, baba," alisema. Neno la mzee aliliacha. "Ungeniambia asubuhi ningeinakili kwenye flopi. Ni kitu cha dakika moja."

"Najua," Ndalahwa alisema, ingawa hakuwa akijua.

Kazi ikaanza upya. Januarius akaiendesha programu ya kukagua diski, na mstari wa njano ukaanza kutambaa chini ya kioo mwendo wa kinyonga. Kila mara ulisimama, na mashine ikauliza swali kwa Kiingereza. Mara ya kwanza Januarius alimtafsiria.

"Imekuta vipande visivyo na mwenyewe. Inauliza ivitupe au ivihifadhi."

"Ivihifadhi."

"Itavihifadhi, lakini majina hairudishi. Itavipa namba tu. Faili namba fulani, faili namba fulani."

"Ivihifadhi," Ndalahwa alirudia, na Januarius akamsogezea kibodi ili abonyeze mwenyewe. Akawa anabonyeza. Mstari unatambaa, unasimama, swali linakuja, kidole kinabonyeza. Aliwahi kufanya kazi ya namna hii usiku wa matanga, kupokea mikono ya watu waliokuja kumpa pole, mkono huu, mkono ule, bila kujua ni wa nani.

Basi la Januarius likaondoka stendi, wakaisikia honi yake, hakuna aliyelitaja. Petroli ikaelekea kuisha, Nyanjige akapitisha kidumu kupitia mlango wa nyuma bila neno.

Mfumo mpya ulipowekwa tena juu ya yaliyosalia, mashine ikawaka. Kioo kikapata rangi zake. Spika, safari hii zimepandishwa mpaka mwisho, zikatoa kengele ya kiwandani, ile ambayo Milembe aliiondoa.

"Ngoja," Januarius alisema haraka. "Jina la faili la salamu naliona, hili hapa, kaliita mwangaluka. Ngoja nilifungue."

Akalifungua. Zikatoka kelele za mahindi yanayokaangwa, muda mfupi, zikakatika. Akajaribu tena. Mahindi yaleyale.

"Jina limebaki," alisema, "lakini ndani kimeingia kitu kingine. Salamu yenyewe imefutika, hicho kimeandikwa juu yake."

Ndalahwa akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu mwepesi sana wa kukubali. Nyuma ya kifua chake palikuwa kama chumba kilichohamwa, hata panya wameondoka. "Basi," alisema. "Umejitahidi, kijana. Kesho utapanda basi la mapema. Utalala kwangu."

Lakini Januarius alikuwa na ubishi wa watu wanaotengeneza vitu. Akasema bado kuna yale yasiyo na majina. Faili la sauti, alieleza, hata lipoteze jina, mwanzoni kabisa huwa na herufi zake nne zilezile, kama ng'ombe mwenye alama ya ukoo sikioni: akipotea porini, ukimgeuza kichwa unajua katoka zizi lipi. Akaanza kuyafungua moja baada ya jingine na kutazama mwanzo wake. Hili ni barua ya kuomba uhamisho. Hili ni takataka. Hili ni ratiba ya ubatizo. Hili ni takataka. Hili ni nusu ya tangazo la mnada wa mifugo. Jua lilikuwa linashuka na kuingia moja kwa moja kupitia mlangoni, likawapiga kwenye macho, wakasogeza viti.

"Hili," Januarius alisema.

Akalibandika jina la kubahatisha, akaweka kidole kwenye kitufe, akamtazama Ndalahwa. Akabonyeza.

Kwanza ilisikika kama kiti kinavutwa. Kisha sauti ya Milembe, karibu mno, mdomo umegusa kipaza sauti: "Hii kitu inarekodi kweli? Haya." Akakohoa kidogo, akajiweka sawa. "Mwangaluka, baba Salu."

Ndalahwa alishika ukingo wa meza. Ilikuwa yenyewe. Ilikuwa ndefu kuliko aliyoizoea, na ilikuwa inaendelea.

"Mwangaluka, mayu," sauti ya mwanaume ikaitikia kutoka mbali, kutoka upande wa mlangoni, ikavuta salamu na hilo neno la mama kwa madaha kama mtu anayeitikia mbele ya wakwe. "Asubuhi gani hii, saa nane mchana?"

"Itikia vizuri, inakusikia."

"Inanisikia? Haya, na yenyewe ni ya ukoo gani? Nitaiitikiaje? Mashine haina ukoo!"

Na yule mwanaume akacheka. Akacheka kicheko kikubwa cha tumboni, kinachopanda, kinachokwama kutafuta hewa na kuanza upya, na Milembe akaanza kumnyamazisha huku naye anacheka, kiti kikaanguka, mtu akapiga kofi mezani, na kicheko kikaendelea mpaka rekodi ikakatika palepale katikati yake.

Jenereta likasikika nyuma.

"Inaonekana mama alirekodi hii ndefu kwanza," Januarius alisema kwa sauti ya chini. "Halafu akakata kile kipande cha salamu, akakiweka peke yake. Kilichoharibika ni kile kipande. Hii ndiyo nzima."

Ndalahwa alikuwa anaangalia spika.

"Huyo mwanaume," alisema. "Huyo anayecheka. Ni nani?"

Januarius alidhani anataniwa. Kisha akamtazama usoni na kuona hakuna utani.

"Baba," alisema. "Ni wewe."

Ndalahwa akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Alisikiliza kichwa kimeinama, si kumsikiliza Milembe safari hii bali yule mwingine, yule bwana wa mlangoni mwenye nguvu zake na upuuzi wake, aliyekuwa na mke ndani ya chumba na hana habari kwamba ni kitu cha kushikilia. Akamkumbuka. Akaikumbuka na siku yenyewe. Alikuwa ametoka kununua karanga, zilikuwa bado za moto kwenye karatasi. Ndipo kitu kikaachia kifuani, na kikauma. Kiliuma vibaya, kama mguu wenye ganzi unapoanza kupata damu, na Ndalahwa akaweka uso kwenye mikono yake juu ya kibodi akalia. Alilia kwa sauti, bila mpango, mashine ikilia pamoja naye pi-pi-pi kwa vitufe alivyovilalia. Upande wa pili wa mbao, ufagio wa Nyanjige ukasimama.

Januarius alitoka nje akaketi kwenye benchi. Aliporudi, Ndalahwa alikuwa amekwisha kunawa uso na maji ya dumu.

Januarius akaketi, akainakili. "Iko kwenye flopi tatu, kwa vipande, maana moja haitoshi," alisema. "Sasa niipange iwe inatoka mashine ikiwashwa, kama zamani? Naweza kukata pale mwisho, ibaki salamu tupu."

Ndalahwa akafikiri.

"Usikate. Iache yote."

"Ni ndefu, baba. Mashine itawaka huku bado anacheka."

"Mwache acheke."

Asubuhi, baada ya kumsindikiza Januarius stendi, alifungua steshenari kwa saa aliyoizoea. Akawasha jenereta, akabonyeza kitufe, akasimama mbele ya meza. Mashine ikakohoa, ikanguruma. Kiti kikavutwa. Mwangaluka, baba Salu. Ndalahwa alifungua mdomo kuitikia, lakini yule wa mlangoni akamuwahi, kwa madaha yake, na baada ya hapo hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine kuongea. Akamsubiri amalize. Macho yalikuwa yamejaa tena, na alikuwa anatabasamu, vyote viwili kwa pamoja, na kifua kilikuwa kinamuuma kweli kweli.

Nyanjige alichungulia mlangoni na ufagio wake. Alikuwa amesahau hata salamu.

"Baba Salu, nani alikuwa anacheka humo ndani?"

"Ni mimi," Ndalahwa alisema. Kisha akatoka nje, akasimama mbele yake, akamsalimia kwa ukoo wake, akamuuliza nyumba, akamuuliza watoto, akamuuliza ng'ombe.